Mtamba Aliyezaliwa Pacha na Dume

Saa tatu asubuhi mpimaji wa maabara alimpigia mjomba wake, akamweleza bila kuzunguka: mtamba wake hatazaa. Alizaliwa pacha na dume, damu zao zikachanganyika tumboni mwa mama yao, na kipimo cha vinasaba kilikuwa kimeonyesha alama ya dume kwenye damu yake.

Mjomba akajibu: "Basi. Mchinjaji anakuja kuchukua fahali. Ataondoka na huyu pia."

Saa nne, akijaza fomu, mpimaji aliitazama tena picha ya matokeo. Akaweka kalamu chini. Kila anapopima huweka mrija mmoja wa maji matupu, usio na damu ya mnyama yeyote, ajue kama vifaa ni safi. Mrija ule nao ulikuwa na alama ya dume. Jana yake alikuwa amepima madume kumi na wawili kwenye meza ileile.

Alimpigia mjomba. Hapatikani. Mara ya tano akaacha, akachukua funguo za gari la kazini.

Lori la mchinjaji lilikuwa langoni kwa mjomba. Mtamba alikuwa na kamba shingoni, miguu ya mbele tayari iko juu ya ubao.

"Mshusheni!"

"Dada, mimi na mzee tumeshaelewana," mchinjaji alisema.

"Mjomba, nimekosea. Kipimo kimeharibika. Sijui kama anazaa au hazai."

"Mbona saa tatu ulikuwa unajua?"

"Nilidhani najua. Nipe siku mbili, tafadhali."

Mjomba alimkazia macho mpaka mpimaji akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha mjomba akaishika kamba mwenyewe, akamrudisha mtamba chini.

Mpimaji alimtoa mtamba damu upya, akamweleza mkuu wake kila kitu, akasugua meza na kufungua dawa mpya za kupimia. Picha ilipotoka, maji yalikuwa safi. Mtamba naye hakuwa na alama. Hakuthubutu kupiga simu. Akarudia kipimo kwanza.

"Hana alama ya dume, mjomba. Lakini siwezi kukuahidi ndama."

"Safari hii sijakuomba ahadi."

Mtamba alipelekwa kwa dume, hakushika mimba. Mara ya pili akashika. Na mpaka leo mjomba akiletewa majibu yoyote, hata ya presha yake mwenyewe, huuliza kwanza: "Mmerudia?"