Misumari ya Dirishani

Fundi wa makochi waliyemwita Misumari alikuwa na imani moja maishani: hakuna tatizo lisilotibika kwa nyundo. Kiti kikilegea, msumari. Mlango ukilalamika, msumari. Kwa hiyo mkewe alipoanza kuamka na vidole vilivyovimba, mikono imekakamaa hata kifungo cha blauzi kinamshinda, Misumari alitafakari weee, akaamua kwamba ni baridi, kisha akaibeba nyundo yake.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu kando ya barabara ya malori, na ndoa yao yote ilikuwa humo. Bwana alipiga fremu upande wa mlangoni, bibi akashona vitambaa upande wa dirishani, wamepeana migongo tangu asubuhi hadi jioni, wanabishana. Wateja waliwazoea hivyo. Wengine walikuja kuagiza kochi huku shida yao ni kusikiliza ule ubishi.

Basi Misumari akachukua mabaki ya sponji, akayakata kwa kipimo cha madirisha, akayavika kitambaa kizuri cha maua alichokuwa amemwekea mteja, akayapigilia. Hata matundu ya hewa kule juu hakuyasamehe. Halafu akaweka jiko la mkaa karibu na miguu ya mkewe.

"Sasa hiyo baridi ipite wapi, tuone," alisema, anajifuta jasho.

Mkewe aliyatazama yale madirisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu waoane hakuwahi kuletewa ua hata moja, na leo kaletewa ukuta mzima.

Kliniki alikwenda peke yake, maana bwana alikuwa na kazi ya haraka. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alimpima, akasoma majibu ya damu, akamwambia kwamba baridi haihusiki.

"Mwili una walinzi wake, mama, wa kupambana na maradhi. Wa kwako wamekosea adui. Wanavishambulia viungo vyako mwenyewe."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ndiyo hasa. Unafanyia kazi wapi?"

Akamweleza: vumbi la mbao, vanishi ya kupuliza, malori, jiko. Alipofika kwenye madirisha, daktari akaweka kalamu mezani.

"Nisikudanganye. Siwezi kusema moshi na vumbi ndivyo vilivyokuletea ugonjwa huu. Wataalamu bado wanachunguza. Ila wanaona hewa chafu huenda inawachochea hao walinzi. Mapafu yakichokozwa, ugomvi unaweza kusambaa mwili mzima. Dawa nitakupa, na usiruke hata siku moja. Lakini humo ndani usikae. Na hilo jiko litoke leo, maana kwenye chumba kilichozibwa linaua hata mzima."

Aliporudi, Misumari alikuwa dirishani, ananyoosha mkunjo kwenye yale maua kwa kidole gumba.

"Daktari kasemaje?"

"Kanipa dawa. Kasema jiko tulitoe, lina hatari."

"Na madirisha?"

Alimtazama mume wake. Kichwa chote cheupe kwa vumbi la mbao, macho yanangoja sifa.

"Hajasema kitu," akajibu.

Uongo huo ulikuwa wa mapenzi, na uongo wa mapenzi nao ni uongo. Jiko lilitoka, madirisha yakabaki. Dawa alimeza, kisha akarudi kukaa katika ukungu wa vanishi. Vidole havikupata nafuu. Mkasi ukawa unamponyoka. Misumari, kwa huruma, akaongeza safu nyingine ya sponji.

Aliyemfichua ni wifi yake, dada wa Misumari, aliyekaa nyumba za nyuma. Siku moja alifika mlangoni akakohoa kabla ya kusalimia.

"Humu mnashona makochi au mnakausha samaki?"

Kisha akamwona mke wa kaka yake ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza kunywa, na utani ukamwisha. Akamvuta nje, akambana kwa maswali mpaka akayatoa yote.

"Nitamwambiaje, wifi? Kwamba mapenzi yake ndiyo yananiumiza?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi, na mimi unanijua, sina breki."

Mke akaingia ndani, akamwambia mumewe. Alianza na walinzi wa mwili, akamalizia na madirisha. Misumari alikaa taratibu kwenye fremu ya kochi isiyo na mto.

"Ulijua tangu kliniki?"

"Nilijua."

"Na ukakaa humu. Kwa nini, mke wangu?"

"Ulitumia kitambaa cha maua."

Misumari alilia waziwazi, na wala hakugeuza uso. Alipoinuka alichukua koleo akaanza kung'oa.

"Lakini daktari alisema huenda," mkewe akamtuliza. "Hakusema ni hakika."

"Ningengoja hakika mpaka mikono yako iishe?"

Sponji ikaanguka, mwanga ukaingia, na nyuma ya mwanga ukaingia moshi mweusi wa lori. Wote wawili wakakohoa. Hapo Misumari akaiweka nyundo chini, kwa sababu barabara haipigiliwi misumari. Hakubishana tena. Akainua cherehani ya mkewe, meza yake na yote, akaibeba mpaka kwa dada yake kule nyuma, kwenye chumba kilichotazama migomba.

Huko hewa ilikuwa nyepesi. Vidole havikupona, na ugonjwa wenyewe daktari alikwisha kumwambia si wa kuondoka, lakini baada ya muda kifungo cha blauzi kilianza kufungika, hata kama ni kwa subira. Kilichomshinda ni ule ukimya. Alikuwa akitoa neno la kuchokoza, halafu anakumbuka kwamba nyuma yake kuna ukuta.

Mchana mmoja akasikia hodi. Misumari, ambaye hakuwahi kumbishia hodi mke wake, alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Alikuwa amenawa mpaka kwenye viwiko na kubadili shati.

"Mke wangu, samahani. Kochi la watu watatu, mshono wa mgongoni unapita wapi?"

Alikuwa akitengeneza makochi ya watu watatu tangu kabla hawajajuana. Mkewe aliuzuia uso wake usicheke, akasogeza kiti kando ya cherehani.

"Kaa kwanza," akamwambia. "Hilo lina maelezo marefu."