Mlango wa Rangi ya Majani

Mwaka 1961, mjini Elisabethville, Godefroid alikuwa fundi wa kuchapa nakala za filamu za habari. Kila picha aliichagulia kipimo cha mwanga na kioo cha rangi. Siku moja akaletewa picha za gwaride la askari katika mtaa wa Katuba, na nyuma yake nyumba za Wakasai, wahamiaji kutoka mkoa mwingine, zinaungua.

"Huo moshi uonekane ukungu wa asubuhi," mkubwa wake akamwambia.

Godefroid akaweka kioo cha buluu. Moshi ukalainika, ukawa ukungu mtupu, naye akajisifu moyoni, mpumbavu yule.

Jumapili filamu ikaonyeshwa kwenye uwanja wa parokia, walikokimbilia waliochomewa nyumba. Mado, jirani yake wa zamani, alikaa kando yake. Mara akanyoosha kidole.

"Ule mulango ni yetu, Baba Godé. Juu ya nini iko buluu? Yetu ilikuwa ya rangi ya majani."

Godefroid aliijua rangi ile. Ni yeye aliyeichanganya, akaipaka pamoja na marehemu mume wa Mado.

"Pengine ni macho yako, mama," akasema.

Mado akayafuta macho kwa ncha ya kitenge, akamwomba msamaha.