Siku Niliyotii Karatasi ya Msimamizi

Jirani yangu, yule mama mshona nguo wa chumba cha kona, anawaambia watu nilitia mchanga ndani ya mashine ya kampuni, ikalipuka, msimamizi akatolewa kwa machela. Anaapa mpaka mate yanaruka. Geti la kiwanda chenyewe hajawahi kulivuka. Mchanga sikutia. Nilichofanya ni kutii.

Sisemi kampuni ni mbaya. Zamani nilifua nguo za watu. Mtu akiamka vibaya, haniiti. Kampuni ilinipa sare mbili, kadi ya matibabu na chakula cha moto mchana. Hata mwenye nyumba aliacha kuniita "we," akaanza "dada." Ila mle ndani, kosa la mkubwa hutafutiwa mdogo wa kulibeba.

Aliyelibeba ni dada yangu. Miaka sita alikuwa kwenye mashine ya kufunga pakiti za sabuni ya unga. Ni kuukuu ile: ukiiwasha unaweka moto namba tisa, ikishapata joto unashusha mpaka sita, la sivyo inayeyusha plastiki. Siku moja dada alikwenda kula, msimamizi akaishika mwenyewe, akaiacha kwenye tisa. Pakiti zikaungua rundo zima. Kwenye ripoti akaandika kwamba dada huchezea moto. Dada akafukuzwa. Msimamizi akabandika karatasi ukutani, na sahihi yake chini: "Moto namba tisa muda wote. Asiguse mtu."

Nafasi ile nikaiomba mimi. Tuna mama mmoja, baba mbalimbali, majina hayafanani; hakuna aliyeuliza. Miezi minane nilishusha moto kimyakimya. Hakuna pakiti iliyoharibika, na sifa zote zikaenda kwa msimamizi. Sikuumia. Nilitaka apande kwanza.

Akawa anapanda kweli. Mkurugenzi akaja na wageni kuangalia kazi, ili ampe kiwanda kizima akisimamie. Msimamizi alikuwa amenyoa, ananukia mpaka macho yanawasha.

"Haya binti, waonyeshe wageni!"

"Nifuate karatasi, bosi?"

"Swali gani hilo? Au shule uliishia getini?"

Wageni wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu.

"Niliishia la saba, bosi. Kusoma najua."

Nikawasha, nikaweka tisa, nikakunja mikono. Pakiti za kwanza zilitoka safi. Kisha ikaja harufu. Plastiki ikaanza kuvutika kama makamasi, pakiti zikapasuka, unga ukamwagikia viatu vya mkurugenzi.

"Zima!" msimamizi akapiga kelele. "Nani amekuambia uweke tisa?"

Nikazima. Nikaonyesha ukutani.

Mkurugenzi akasoma. Akainama akasoma na sahihi. "Basi yule mama tuliyemfukuza, kosa lake lilikuwa nini?"

"Alikuwa anashusha moto, mzee," nikasema. "Ni dada yangu."

Mkurugenzi akamgeukia msimamizi, anangoja. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Msimamizi akanisogelea, sauti chini kabisa.

"Mdogo wangu, mwambie nilikuagiza ushushe, wewe ukasahau. Sema hivyo tu. Nina watoto. Nakuomba, dada."

Wote wakaniangalia. "Mimi nilitii karatasi, bosi," nikasema kwa sauti, wote wasikie. Nikachukua kitambaa, nikaanza kupangusa unga mezani, polepole, kuanzia upande aliosimama msimamizi.