Tanuri la Milango Miwili

Mgodi wa dhahabu wa Makongolosi ulipofungwa, na Wazungu waliokuwa wakipikiwa pale kupakia masanduku yao na kuondoka, mpishi wao Asukile alikabidhiwa kiinua mgongo, akakiweka akiba posta, akajiona tajiri. Mtu aliyezoea kugawa kuku mmoja kwenye sahani ishirini, alijiambia, atashindwaje kugawa fedha hizi kwenye miaka aliyobakiza?

Akapanga chumba Mbeya. Kodi ikapanda, akanyamaza. Ikapanda tena kabla hajamaliza kunyamaza. Unga ukapanda, sukari ikapanda, mafuta ya taa nayo hayakutaka kuachwa nyuma. Kila alipokwenda posta kuzijulia hali fedha zake alizikuta zimekonda. Karani akamwambia anayezitoa ni yeye mwenyewe, na Asukile akakumbuka vizuri kabisa kwamba alichotoa kilikuwa kidogo tu, kila mara. Basi akapanda gari kwenda Iringa kwa mwanawe wa pekee, Lutengano, fundi wa magari, akiwa na hesabu moja nyepesi kichwani: kwa mtoto hakuna kodi.

Hesabu hiyo ilimsahau mtu mmoja. Mke wa Lutengano, Yudith, alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, binti wa mzee wa kanisa, na kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Hawajagombana; ni heshima. Baba mkwe akikohoa njiani, mkamwana anaingia kwenye migomba. Lutengano alioa wakati baba yuko mgodini, hivyo Asukile hakuwahi kuiona sura ya Yudith hata siku moja, wala hakukusudia.

Sasa Lutengano alikuwa na vyumba viwili tu vya kupanga, cha mbele na cha ndani, na mlango wa kutokea mmoja. Siku ya kwanza Asukile alikaa chumba cha mbele tangu chai ya asubuhi hadi saa nane, akisifu utulivu wa nyumba ya mwanawe. Hakujua kuwa Yudith yuko chumba cha ndani, amefungiwa na heshima, na maharage yake yanaungua jikoni.

Ikabidi Asukile apange chumba chake mwenyewe upande wa pili wa ua, kwa mwenye nyumba yuleyule, Kalinga, Mhehe mwenye tumbo la kutangulia na maneno ya kufuatia. Kile chumba kiligusana na jiko la ua: Yudith akipika, kati yake na baba mkwe palikuwa na ukuta wa tofali moja. Chakula kilipelekwa na Tekla, mke wa Kalinga, aliyejikatia ushuru wa nyama kila alipovuka ua. Kwa hiyo Asukile, aliyekimbia kodi Mbeya, alilipa kodi Iringa, na akashiba nusu.

Miezi haikupita mingi, Kalinga akasimama mlangoni.

"Kamwene, mzee wa dhahabu!"

"Kamwene. Dhahabu ipi, baba? Mimi nilikuwa napika viazi."

"Hata maganda ya viazi vya mgodini yanang'aa. Sasa sikiliza. Mabati yamepanda, saruji imepanda, ada ya shule ya mwanangu kule Tosamaganga imepanda. Na mimi nipande, au nibaki chini peke yangu?"

Asukile akatazama juu. "Chumba hiki kina mabati?"

"Hakina. Ndiyo nataka kuyanunua."

Alipoondoka, Asukile akaketi kitandani kupiga hesabu kwa sauti, kama alivyozoea kuhesabu sahani. Fedha zilizobaki zilitosha kodi hadi mwisho wa masika. Akahesabu tena, zikatosha hadi Pasaka. Mara ya tatu hazikufika hata Krismasi. Kurudi nyumbani Tukuyu? Mdogo wake alikwisha panda kahawa hadi pale kitanda kilipokuwa. Kununua kiwanja, kama alivyoshauri Lutengano? Angepata kiwanja na kuta mbili, na mbili nyingine azifanye za kuwaza. "Masika yakija nitakwenda wapi?" akaiuliza hewa. "Nitalala kwa nani?"

"Ewe ukuta," sauti ya mwanamke ikatoka jikoni, taratibu. "Kama kuna mtu anakuegemea huko, mwulize: kule Makongolosi mikate alioka nani?"

Asukile aliduwaa. Ajibu? Asijibu? Lakini aliyeulizwa ni ukuta. Akainamisha kichwa, ingawa hakuna aliyemwona.

"Ewe ukuta, mwambie anayeuliza, aliyeoka ni mimi. Na Wazungu walikuwa wanalamba makombo."

"Ewe ukuta, mwambie mabasi yanasimama hapa stendi alfajiri, na abiria wanatafuna mihogo baridi."

"Ukuta, mwambie sina tanuri."

Kijiti kikapasuka motoni.

"Na wewe ukuta, kwani umesimama hapo bure?"

Asukile hakuelewa kama anatukanwa yeye au ukuta. Ilibidi alale, aamke, anywe uji, ndipo akaweka kiganja juu ya tofali na kulihisi lina joto la jiko. Tanuri ndani ya ukuta! Mlango mmoja chumbani, mlango mmoja jikoni. Yeye akande na kuingiza mkate huku, mkamwana autoe kule, na heshima ibaki kamili.

"Utoboe nyumba yangu?" Kalinga alifoka. "Halafu?"

"Halafu kodi utalipwa kwa mikate. Kila siku miwili, ya moto, na Jumapili mitatu. Mkate utaumuka, lakini kodi itakaa palepale."

Kalinga akameza mate kabla ya kukubali, na hilo lilimharibia bei.

Asukile akazitoa posta zote zilizobaki. Zikawa matofali ya kuchoma, mifuniko miwili ya chuma, gunia la unga na hamira. Lutengano alirudi kutoka gereji, akaona ukuta una shimo, akashika kichwa.

"Baba! Fedha zote umezitia motoni?"

"Ndiyo, mwanangu. Na tangu nistaafu, leo ndiyo mara ya kwanza najua zimekwenda wapi."

Mkate wa kwanza nusura uwaaibishe wote. Asukile alifungua mfuniko wake kuchungulia, na Yudith akafungua wake wakati uleule. Mwanga ukapita katikati ya ukuta, na ndani yake Asukile akaona mikono miwili iliyojaa majivu, basi. Akafumba macho, akapiga kichwa kwenye tofali, akaangusha mfuniko kwa kishindo. Kule nako mfuniko ukalia. Toka hapo ikawa desturi: anayetaka kufungua agonge mara moja, na mwenzake afunge.

Mikate ikauzika. Lutengano ndiye aliyeibeba stendi alfajiri kabla ya kwenda gereji. Kama faida ilikuwa kubwa au ndogo, Asukile hakujua vizuri. Kila alipohesabu ilitoka tofauti, lakini gunia likiisha, lingine lilipatikana, na masika yalimkuta yu kitandani kwake, mgongo wake ukiota moto wa tanuri.

Siku moja ya mvua Kalinga akasimama tena mlangoni, anatafuna.

"Mzee wa dhahabu, unajua unga umepanda. Nilikuwa nafikiria, ile mikate miwili..."

Mfuniko ukagongwa mara moja upande wa jikoni. Asukile akafunga wake haraka.

"Ewe ukuta," sauti ikasema, "mwulize mwenye nyumba, kesho anataka mkate au anataka kufikiria?"

Kalinga akaacha kutafuna. Akautazama ukuta, akamtazama Asukile.

"Nani anasema?"

"Ukuta wako huo, mwenye nyumba," Asukile akasema. "Mimi ni mpangaji tu."