Makaburi ya Verlene Pettiford

Ewe vumbi la Oklahoma, hukubisha hodi. Uliingia kwenye mkate, uliingia kwenye kope, uliingia hata tumboni mwa piano za watu, ukayaua meno yake ya kubonyeza, jino baada ya jino.

Verlene Pettiford, mpiga piano wa bendi ya Hosea Gaines, aliwazika marehemu hao kwa heshima zote. Kila mji, mchana, kabla ya dansi, aliipapasa piano ya ukumbi: hili zima, hili linakohoa, hili limekwenda. Jioni vidole vikaruka makaburi. Mkono wa kushoto ukitembea, wa kulia ukiruka, ukitembea, ukiruka. Wachezaji wakadhani ni maringo, wakayaiga kwa viuno. Mtindo huo wa dansi wakauita swingi ya kuchechemea.

Miaka tisa alichechemea. Miaka tisa aliomba piano nzima.

Leo ni Kansas City, chumba cha kurekodia, na piano ni mpya. Meno themanini na nane, yote hai, yote yanamchekea. Akiyaruka, anaona haya. Akikumbuka kuyagusa, anajikwaa.

"Verlene, dada yangu, unakwepa nini?" akauliza Hosea. "Hii nzima!"

"Anakwepa mashimo ya barabara ya Muskogee," akadakia Cleophus wa tarumbeta. "Mwacheni, gari bovu lina mazoea yake."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Sahani mbili za nta za kunasia wimbo zimeharibika kwa makosa yake, imebaki moja. Na nje, kwenye benchi, ameketi mpiga piano mwingine, kofia magotini, kucha safi, akikisubiri kiti cha Verlene.

Akajaribu mara ya mwisho kuyagusa yote. Yote yakaitika kwa adabu, kama wanafunzi wa bweni mbele ya mkaguzi. Hakuna mguu uliotikisika.

Basi akainuka. Akafunua piano, akatoa mfukoni glavu iliyomfaa kwenye baridi ya njiani, akaisokomeza kati ya nyuzi, meno kadhaa yakafa sauti.

"Wee mama! Unaiua!" fundi wa kurekodi akapiga kelele.

"Niwie radhi, bwana. Hawa walio hai bado sijajuana nao."

Taa nyekundu ikawaka. Mkono wa kushoto ukatembea, wa kulia ukaruka, na kiatu cha Cleophus kikaanza, chenyewe, kugonga sakafu. Sindano ikachimba nta; unga wake, laini, rangi ya asali, ukapanda kutoka ndani ya wimbo ukaelea kwenye mwanga.

Verlene hakuutazama. Alikuwa akilia, taratibu, kwa mapigo, bila kukosea hata moja: kilio cha aliyepewa alichokiomba, akakiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.