Udongo Unaonukia Ndizi

Trei ya mkemia ilikuwa na vipande kumi na viwili vya udongo. Sasa vilibaki tisa, na wifi yake alikuwa kwenye stuli ya jikoni akijifuta midomo kwa kiganja.

"Wifi, usiniambie umekula."

"Vitatu tu. Ujauzito huu jamani! Udongo wenyewe unanukia ndizi, ningeuachaje?"

Mkemia aliivuta trei mbali naye. Udongo ule wa mfinyanzi ulikuwa kichocheo chake cha kuharakisha mmenyuko. Ulichukua nafasi ya asidi kali katika kutengeneza manukato ya ndizi, kisha ukachujwa, ukaoshwa kwa spiriti, ukakaushwa na kurudishwa kazini. Mara nne ulikuwa umepiga kazi bila kulalamika. Kesho ilikuwa mara ya tano, mbele ya jopo la chuo. Oveni ya maabara ilikuwa imeharibika, ndiyo maana akauleta kwa kaka yake ukaushwe.

Harufu ile ndiyo iliyomtisha. Udongo uliooshwa sawasawa haunukii kitu. Kwenye ripoti aliandika kwamba huoshwa mara tatu. Jana, kwa haraka zake, aliuosha mara moja tu, akajipa moyo kwamba joto litamalizia.

Hospitalini, daktari alikuwa mama mtu mzima asiye na papara, na utulivu wake ukazidi kumtia mkemia kiwewe. Kaka mtu, ambaye kila kona alikuwa akimpigia debe dada yake, akadakia kabla hajaulizwa.

"Dada'angu ndiye mtaalamu, daktari. Ripoti nimeisoma mwenyewe. Udongo ni salama, unaoshwa mara tatu."

"Kama ni mara tatu, anywe maji mengi, arudi nyumbani," daktari akasema, akaifunika kalamu.

Mkemia alitamani ardhi ipasuke immeze. Kaka alikuwa ameshainuka, na wifi alikuwa akitafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Asiondoke," akasema. "Niliuosha mara moja."

Kaka akamgeukia, akaketi tena. Daktari akaifunua tena kalamu, akauliza kilichobaki ndani ya udongo, naye mkemia akataja kimoja kimoja. Wifi akalazwa. Moyo wa mtoto ulikuwa ukidunda vizuri, wakaambiwa, lakini damu ya mama itapimwa tena baada ya saa sita.

Wodini, wifi alimshika mkono.

"Wifi, nawe kweli ungeniacha niende?"

Alitaka kusema hapana.

"Kidogo tu ninyamaze," akajibu.

Wifi akauachia mkono wake, akageukia ukutani.