Machicha Mlangoni pa Mama Fei

Wakiniambia yaliyopita si ndwele, huwauliza: ndwele ya nani? Mimi nilikuwepo. Kiwanda chetu cha hariri kilikuwa ukingoni mwa mto Jialing, na mwanamke akishajifungua mtoto wake mmoja aliyeruhusiwa, kabla hajazoea hata kilio chake, anaitwa ofisi ya uzazi wa mpango, analazwa kitandani, anawekwa tumboni kitanzi cha chuma cha kuzuia mimba. Haulizwi. Kisha kila baada ya miezi tunapangwa foleni tupigwe eksirei, waone kama kitanzi bado kipo. Kitanzi kilikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mwenye kitanzi naye bado yupo.

Wanaotaka nisahau hayo watangoja sana. Lakini ndani ya miaka ile michungu ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo natetemeka mabega kwa kicheko, nayo ni haki yangu kama ilivyo hasira yangu.

Mwenye kisa ni Qiongfang. Tulikuwa majirani, ukuta kwa ukuta, na tulifanya kazi bega kwa bega, mikono ndani ya mabeseni ya maji moto, tukitafuta ncha za uzi kwenye vifuko vya viwavi. Nje ya kiwanda alikuwa mpiga ngoma wetu. Sikukuu ya mwezi wa tano viwanda vyote vya mtoni hushindana kwa mitumbwi mirefu yenye vichwa vya joka, na mpiga ngoma hukaa mbele kabisa, kawaelekea wapiga makafi. Ngoma ikisema twende, mnakwenda. Bila Qiongfang, sisi tulikuwa kuku walioona mwewe.

Basi mwaka ule, miaka ya themanini hiyo, alizaa binti vuli, akawekwa kitanzi majira ya baridi, na tangu hapo damu haikumpa nafasi. Si ile ya mwezi. Hii ilikuja bila hodi na kukaa bila kuaga. Sura ikamgeuka rangi ya kifuko kilichochemshwa. Siku ya kwanza ya mazoezi ya mtumbwi alipiga ngoma kidogo tu, akaiinamia kama anayeisikiliza, akazimia juu yake.

Msimamizi wa timu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Dada, usipopona kabla ya sikukuu, ngoma nampa Tan wa chumba cha boila."

"Tan!" nikasema. "Tan anapiga ngoma kama mtu anayefukuza nzi."

"Afadhali nzi kuliko maiti," akajibu.

Qiongfang alilia zaidi kwa hilo kuliko kwa damu. Akaenda kwa Mama Fei, mkuu wa ofisi ya uzazi wa mpango, kuomba kitanzi kikaguliwe, kitolewe ikibidi. Bila ruhusa ya Mama Fei hakuna daktari aliyethubutu kukigusa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, koti limefungwa vifungo mpaka kidevuni.

"Kiwanda hiki kina wanawake mia nane," Mama Fei akamwambia. "Wangapi wamekuja kulalamika? Wewe peke yako. Kitanzi hakina kosa. Kosa ni mwili wako."

Qiongfang akarudi nyumbani akiuchukia mwili wake. Hilo sijawasamehe.

Nilimshika mkono nikampeleka kwa Daktari Lan, aliyekuwa na chumba cha dawa za majani mwishoni mwa zahanati. Lan akamshika mapigo, kulia, kushoto, akamwambia atoe ulimi, akaguna. Kisha akafungua visanduku vyake vya mbao: mizizi myekundu, majani yanayoitwa faida ya mama, na unga wa manjano wa maua ya matete uliokaangwa mpaka ukawa kahawia. Unga ule aliutia kwenye kimfuko cha kitambaa cheupe na kukifunga uzi, usije ukavuruga dawa chunguni.

"Chemsha, kunywa asubuhi na jioni," akasema. "Damu itapungua. Lakini nisikilize, mwanangu. Kama chuma kimekaa upande, majani hayawezi kukisukuma. Lazima wakutazame kwa ajili yako, si kwa ajili ya takwimu zao."

"Mama Fei kasema niko peke yangu."

Lan akamtazama, akafunga mdomo. Siri ya mgonjwa kwake ilikuwa amana. Ila aliufunga ule mdomo kwa nguvu kiasi kwamba midomo ilipotea.

Kupika dawa ilikuwa kazi ya mumewe, Deyu, mpishi wa tambi, mtu mwema mwenye mkono mzito. Mimi nilisikia yote kupitia ukutani.

"Deyu! Unatia nini humo?"

"Pilipili kidogo tu, mke wangu. Chungu kisicho na pilipili kina nini?"

"Kina dawa, we bwege! Ni dawa!"

"Nimeonja. Ndiyo maana."

Alikunywa hivyohivyo, akikunja uso, akilamba sukari guru baadaye. Damu ikapungua kweli. Ikapungua lakini haikukata, na sikukuu inakaribia.

Sasa, kwetu machicha ya dawa hayatupwi jalalani. Unayamwaga barabarani, watu wayakanyage, miguu yao iondoke na ugonjwa. Mwenye moyo safi humwaga mbele ya mlango wake na kila mtu anajua nyumba ile kuna mgonjwa. Lakini ugonjwa wa Qiongfang ulikuwa wa aibu, wa chini ya kiuno. Akayarundika ndani mpaka yakamshinda, akaniomba nimsindikize alfajiri mpaka lango la kiwanda. Miguu mingi, hakuna wa kuuliza.

Tulifika ukungu ukiwa bado mzito. Pale langoni, mbele yetu, palikuwa na fungu la machicha tayari. Fungu kubwa, la juzi na la jana na la leo. Nikainama. Mizizi myekundu. Majani yaleyale. Na vimfuko vyeupe vya kitambaa, vimefungwa uzi, kimoja, kingine, kingine, vimelala kwenye tope kama panya waliozama.

"Qiongfang," nikasema, "hivi vyote ni vyako?"

"Mimi leo ndiyo mara ya kwanza kuja!"

Hapo tukasikia hatua. Akatokea Dada Mou, nyapara wa ukumbi wa pili, yule aliyekuwa akijisifu kwamba hajawahi kuugua hata mafua. Alipotuona akasimama wima, mikono imekumbatia koti.

"Habari za asubuhi," akasema.

"Njema, Dada Mou. Mbona unafuka?"

"Ni baridi hii."

"Baridi humtoa mtu moshi mdomoni. Wewe unakutoka kwenye matiti."

Alijaribu kukaza uso. Lakini chungu kilikuwa cha moto, kikamuunguza, akapiga kelele na kukitoa kotini, na kifuniko kikaanguka, na kimfuko cheupe kikaning'inia mdomoni mwa chungu kama ulimi. Tukatazamana wote watatu. Kisha Qiongfang akaanza. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ajifungue. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye jiwe la lango.

"Tangu lini, dada?" akauliza.

"Tangu niwekwe. Mwaka wa tatu huu. Mama Fei aliniambia niko peke yangu."

Kicheko kikafa. Nakumbuka lile fungu miguuni mwetu. Wanawake wangapi walikuwa wameamka alfajiri kila mmoja na chungu chake kifuani, wakipishana kwenye ukungu, kila mmoja akijiona ndiye mbovu wa kiwanda kizima? Tulikuwa tumekosea wote kosa lilelile: tumeficha aibu yetu mahali pamoja.

"Makosa yetu," nikasema, "ni kwamba tunamwaga langoni. Hapa tunaambukizana sisi kwa sisi. Qiongfang anakanyaga ya Mou, Mou anakanyaga ya Qiongfang."

"Basi tumwage wapi?" akauliza Mou.

Qiongfang ndiye aliyejibu, si mimi. Niseme ukweli, mimi nilikuwa nafikiria bango la malalamiko ukutani. Alijifuta tope makalioni, akasema, "Mlangoni pa Mama Fei."

Habari ilipita kwenye mvuke wa mabeseni, sikio kwa sikio. Kesho msimwage. Tunzeni. Keshokutwa kabla ya zamu, ofisini. Wengine waliona haya mpaka waliposikia Mou yumo. "Mou? Yule ngamia asiyeugua?" Ikawa basi.

Asubuhi hiyo walitoka kila kichochoro. Wenye vyungu, wenye sufuria, wenye makopo. Mmoja alileta kwenye kofia ya mumewe. Deyu mwenyewe alikuja na ndoo ya jikoni, amevaa aproni, anasema anamletea mkewe mzigo. Tukamwaga kuanzia ukutani mpaka kizingitini, tukasawazisha vizuri kwa fagio. Zulia. Na harufu, jamani!

Mama Fei akaja na baiskeli yake, akashuka, akasimama.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Ni majani tu, Mama Fei," nikasema. "Karibu, pita."

"Huu ni ushirikina! Nchi imeshatoka huko!"

"Kweli kabisa," akasema Mou. "Imetoka. Kwa hiyo pita."

Mama Fei akainua mguu. Naapa, uliinuka na kubaki hewani. Akipita, anaondoka na magonjwa ya wanawake wote wale. Bibi yake alimfundisha hivyo kama bibi zetu walivyotufundisha. Asipopita, yeye mwenye kutuhutubia kila mwezi kuhusu sayansi, amekiri. Kiatu kilining'inia juu ya machicha.

"Shusha mguu, mama," sauti ikatoka nyuma, "utabanwa na misuli."

"Kama ni mzito tukusaidie!"

Akaurudisha. Akatazama kushoto, kulia, akaizunguka nyumba, nasi nyuma yake. Akafungua dirisha. Akaparamia! Alifika nusu, tumbo kwenye kizingiti cha dirisha, viatu vinapiga hewa, haendi mbele harudi nyuma. Watu walikuwa wameanguka chini kwa kucheka. Ndipo Qiongfang akaenda, akaweka bega lake chini ya nyayo za Mama Fei, akamsukuma, huyoo ndani.

Mama Fei akatokeza kichwa dirishani, nywele zimetimka, kifungo cha juu kimekatika.

"Mnataka nini?"

"Mama," akasema Qiongfang, kwa upole, maana alilelewa vizuri, "mimi ndiye yule wa peke yangu."

Mou akapaza sauti: "Hapana, wa peke yake ni mimi!"

"Waongo hao! Wa peke yake ni mimi hapa!"

"Mimi!"

"Mimi, Mama Fei! Ulisahau?"

Ua zima likawa linapiga kelele, kila mtu wa peke yake, na wengine wanacheka huku machozi yanawatoka. Mama Fei alitusikiliza mpaka mwisho. Sura yake ilikuwa kama ya mtu anayesomewa barua. Akanyanyua simu, na kupitia dirishani tukamsikia akiita hospitali ya wilaya: aje daktari wa wanawake, na vifaa, si eksirei tu.

Alipoiweka chini akaniita kwa kidole, karibu. Nikadhani sasa ndiyo kufukuzwa kazi. Akanong'ona: "Yule Lan wenu... chumba kipi?"

Nikamtazama. Alikuwa amepauka vilevile kama sisi. Ni vile vifungo tu vilivyotuzuia kuona.

"Cha mwisho, kushoto," nikamwambia. "Nenda na chungu chako."

Daktari wa wilaya alikuja, binti mdogo mwenye mikono ya joto, akawatazama wote mmoja mmoja. Kumbe walikuwa wakituwekea kipimo kimoja kwa matumbo yote, kama kofia za jeshi. Cha Qiongfang kilikuwa kimelala upande, kimejichomeka. Kikatolewa. Wakamwambia apumzike, arudi baada ya msimu mmoja kuwekewa kidogo zaidi. Kama anakitaka hicho kidogo, hawakumwuliza. Na hilo nalo nimeliweka moyoni.

Lakini damu ilikata. Lan alimpa dawa nyingine, ya kurudisha nguvu safari hii, na tende nyekundu, na Deyu akakatazwa kuisogelea. Rangi ikapanda mashavuni polepole kama uzi unaovutwa.

Siku ya sikukuu mto ulijaa watu kingo zote mbili. Tan wa boila alikuja amevaa shati jekundu, kwa tahadhari, akakuta ngoma imeshakaliwa. "Nilijua," akasema, na akaenda kununua wali wa sikukuu, ule unaofungwa kwenye majani.

Bastola ikalia. Ngoma ikasema twende.

Tulikuwa na wanaume wa kiwanda cha saruji kulia kwetu, mikono kama magogo, na mwanzoni walituacha. Qiongfang hakuharakisha. Alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akatupandisha kidogo kidogo, mpaka kafi langu likawa si langu. Nilisikia nyapara wa saruji akitukana. Kisha sikumsikia tena, maana alikuwa nyuma.

Tulipita jukwaa la viongozi. Tulipita bendera. Ngoma haikukoma.

"Qiongfang!" nikapiga kelele. "Tumeshamaliza! Tumeshinda!"

"Pigeni!"

"Mstari uko nyuma huko, mwendawazimu!"

"Nimesema pigeni!"

Meno yote nje, jasho linamtiririka, mikono inapanda na kushuka. Mou nyuma yangu akaanza kucheka, na kicheko kikashika mtumbwi mzima kutoka mkia mpaka kichwa, na bado makafi yalikuwa yakiingia majini kwa pamoja. Jukwaani mkuu wa wilaya alisimama na kitambaa chekundu cha ushindi mikononi, hajui ampe nani. Deyu alikuwa akikimbia ukingoni na aproni yake, akiita mkewe arudi, wali unapoa.

Tukakata kona ya mto, tukapotea machoni pao.